Mgongo Hauna Jina

Fundi alikwenda zahanati kuchukua dawa ya minyoo ya mtoto. Hakwenda kumtafuta mume wake, lakini alimkuta huko, ukutani kwenye ukumbi wa kusubiria, ndani ya fremu ya kioo yenye urefu wa mtu mzima. Alikuwa amewapa watu mgongo. Juu ya kichwa chake yaliandikwa maneno kwa herufi nene: ANAUZA MWILI. ANAJILINDA. NA WEWE JE?

Uso haukuonekana. Wenye bango walijitahidi sana kuuficha uso, na bila shaka walirudi nyumbani wakijisifu. Lakini shati lilionekana lote, kuanzia kola mpaka pindo, na shati lile Fundi alilishona mwenyewe. Kitambaa cha bluu kilimpungukia siku ile, akaukata mgongo vipande viwili na katikati akaunga mkanda wa rangi ya damu ya mzee wenye miraba midogo myeupe. Mshono wa kulia ulipinda kidogo karibu na bega, kwa sababu mtoto alikuwa amemng'ang'ania gotini. Shati jingine kama lile halikuwepo duniani.

Kwenye benchi walikaa kina mama sita wakisubiri majina yao, na kwa kuwa hawakuwa na kazi nyingine walikuwa wakilisoma bango.

"Mwanaume mzima, jamani. Anauza."

"Anamuuzia nani?"

"Wanaume wenzake, shoga yangu. Ulidhani anakuuzia wewe?"

"Mimi ningemwambia anipunguzie, maana hata mgongo wenyewe mwembamba."

Wakacheka. Yule aliyesema akamgeukia Fundi ili naye acheke, na Fundi akacheka. Alicheka vizuri, kwa sauti ya kutosha, kama mtu anayelipa nauli. Kisha akaitwa, akachukua dawa ya minyoo, akaondoka kwa mlango wa nyuma.

Mtaani mume wake aliitwa Mkandaji. Aliwaambia watu kwamba anakanda misuli ya wachezaji na wageni kwenye hoteli moja kubwa, na kila siku alitoka na begi lenye chupa ya mafuta na taulo mbili. Chupa ilikuwa ya kweli na taulo zilikuwa za kweli. Watu wakiona chupa na taulo huwa hawaulizi zaidi, hasa wakiwa wanakula matunda yake.

Nyumba ilikuwa ya mama mkwe. Vyumba vitatu na ua, hati kwa jina lake, ufunguo wa lango shingoni mwake. Mwaka uliopita alimtoa mpangaji wa chumba cha nyuma, na magodoro yake yakalala nje kwenye mvua, kwa sababu tu mtu fulani alisema kwamba mtu fulani alimwona mpangaji yule akiingia baa na mwanaume aliyejipaka wanja. Mama mkwe hakuuliza mara mbili. Alisema nyumba yake inasaliwa mara tano kwa siku na haitageuzwa jalala. Tangu hapo Fundi alijua bei ya kukaa pale: kutosemwa.

Mkandaji aliporudi mchana, alimkuta mkewe amekaa nyuma ya cherehani bila kushona.

"Lile shati lako la mkanda liko wapi?"

"Si liko kwenye kamba. Kwani vipi?"

"Nimeliona zahanati."

Mkandaji alichungulia uani, akaliona shati limeanikwa, akashusha pumzi. "Si lile pale."

"Nimeliona ukutani. Na wewe umo ndani yake."

Akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Alitazama mikono yake, ambayo ilikuwa laini kuliko ya mkewe.

"Waliniambia watapiga mgongo tu," alisema.

"Wamepiga mgongo tu. Hawakukudanganya."

"Afisa wao alisema mgongo hauna jina."

"Huyo Afisa hajawahi kushona."

Ukweli ni kwamba siku ya kupigwa picha Mkandaji alipita kwanza kwa kinyozi, akanyolewa ndevu, akapunguzwa nyusi. Waliomba aje nadhifu, naye alivaa shati lake bora. Mtu akishapewa nafasi ya kuonekana anasahau kabisa anatazamwa kutoka upande gani.

"Na maneno yaliyoandikwa juu," Fundi alianza, halafu akainua mkono. "Usinijibu. Nikikusikia ukijibu nitapiga kelele, na mama yuko uani. Hasira yangu naiweka mpaka Ijumaa. Leo Jumatatu. Alhamisi mama yako anakwenda kliniki ya presha, atakaa kwenye benchi lile saa tatu nzima akitazama ukuta ule. Na shati lile ni yeye anayelifua."

"Mungu wangu."

"Mwache Mungu kwanza. Tunataka pa kulala."

Mama mkwe aliingia na beseni. "Mnanong'ona nini mchana kweupe? Wanaonong'ona ni wezi na wachumba, na nyinyi uchumba mlishamaliza."

"Nilikuwa namwambia mwanao, mama, Alhamisi nikakuchukulie mimi dawa. Upumzishe miguu."

"Dawa anapewa mwenyewe, na kadi, na mkono wa kupimwa. Utawapelekea mkono wangu kwenye kikapu?"

Mkandaji akacheka peke yake. Mama yake akamtazama kwa upendo, akamwambia anaanza kukonda, hao wazungu wake wa hotelini wanamchosha.

Ofisi ya mradi wa kuzuia ukimwi, wenye bango lile, ilikuwa nyuma ya zahanati ile ile, chumba kimoja chenye kiyoyozi na meza ndefu. Miaka miwili Mkandaji alikuwa akienda pale kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Aliingia kwa mlango wa uani pamoja na wenzake kumi na watano au ishirini, wakatia saini orodha ya mahudhurio, wakapewa chai na biskuti, wakaitwa "ndugu zetu wa kundi maalumu." Afisa aliwasalimia kwa kiwiko. Wakati wa korona kila mtu alisalimia kwa kiwiko, na korona ilipokwisha Afisa alirudi kwenye mikono kwa watu wengine wote, ila si kwa hawa.

Kwa ajili ya usiri kila mmoja alikuwa na namba. Mkandaji alikuwa thelathini na saba. Usiri wenyewe ulifanyika hivi: mhudumu alisimama koridoni akapaza sauti, "Thelathini na saba, vidonge vyako vya kinga," na watu wote waliokuwa koridoni wakageuka kuona thelathini na saba anafananaje. Kisha lilikuja somo. Afisa, mwenye mke mmoja na kitambi, alichukua kigogo kilichochongwa akawafundisha kuvaa kondomu watu ambao wamevaa na kuvisha kondomu nyingi kuliko siku alizoishi yeye. Walimtazama wakitikisa vichwa, wakitafuna biskuti. Baada ya hapo alimuuliza kila mmoja, mbele ya wenzake, wiki hii umepata wateja wangapi, na wangapi kati yao walikataa kondomu, akajaza visanduku. Wengi walitaja namba yoyote iliyokuja kichwani. Mmoja alitaja kila mwezi tarehe ya siku ile, na miaka miwili hakuna aliyegundua.

Vidonge vilikuwa vya kweli, na vilifanya kazi. Hilo lazima lisemwe. Mkandaji alivihamishia kwenye kopo la vitamini akameza kimoja kila asubuhi mbele ya mama yake, na alikuwa mzima.

Jumanne asubuhi alikwenda siku isiyo yake, na aliingia na mwanamke. Chumba kilinuka rangi mbichi.

"Huyu ni nani?" Afisa aliuliza.

"Mke wangu."

Afisa alifungua kabati, akatoa faili, akapekua. "Hapa umeandikwa hujaoa."

"Uliniandikia wewe. Ulisema fomu ya wenye wake ina kurasa nane zaidi, na mlikuwa mnafunga ripoti."

"Aa." Afisa alilifunga faili polepole. "Karibu, mama. Pole na majukumu."

Fundi hakukaa. "Tumekuja kuomba lile bango lishushwe kabla ya Alhamisi."

"Bango la ukumbini? Hapana, haiwezekani. Wageni wanakuja Alhamisi hiyo hiyo. Wafadhili."

"Mlimwambia litakaa ndani humu, kwenye chumba chenu."

"Ni kweli, mpango ulikuwa humu. Lakini humu tunapaka rangi kwa ajili ya wageni, kwa hiyo tukayatoa mabango. Halafu tukaona pale nje yanapendeza. Nimeshaandika kwenye ripoti, mabango yapo maeneo ya wazi."

"Basi lifunikeni siku moja tu. Nitaleta kitambaa."

Afisa alitabasamu kwa upole wa mtu aliyehudhuria semina. "Mama, bango la uhamasishaji likifunikwa linamhamasisha nani? Isitoshe limepigwa skrubu, lile na la dirisha la dawa. Na ndugu yetu alitia saini ridhaa. Hakuna uso, hakuna jina. Mgongo ni mgongo. Nani atamjua?"

Fundi alimtazama Afisa mkono wa kulia. "Shati lako ni la dukani. Mkono huu umepunguzwa kama sentimita mbili, na aliyepunguza hakuwa na uzi wa rangi hii, akatumia wa kijivu. Kifungo cha pili kutoka juu si cha shati hilo. Nikilikuta shati hilo ukutani bila kichwa chako, nitasema ni wewe, na sitakosea."

Afisa aliuingiza mkono wa kulia chini ya meza.

"Baada ya wageni," alisema, "tutafanya tathmini."

Walipofika mlangoni akawaita. Kila anayeingia lazima atie saini. Fundi alilitazama daftari: safu ya jina, safu ya namba, safu ya kundi.

"Mimi naingia kundi gani?"

Afisa alifikiri. Alipitia orodha kwa ncha ya kalamu, juu mpaka chini, kwa dhati kabisa. "Andika tu mgeni," akasema.

Nje, chini ya mti wa kivuli mbele ya lango la zahanati, waendesha bodaboda walikuwa wamelala juu ya pikipiki zao kama nguo zilizoanikwa. Walikuwa kumi na moja. Fundi alisimama akawahesabu, halafu akawahesabu tena.

"Twende dukani kwa kitambaa," alisema.

"Cha nini?"

"Kama mgongo hautoki ukutani, basi uwe wa kila mtu."

Alikuwa na akiba ya kununua mashine ya kupiga overloki, kingo za kitambaa zisifumuke. Ilikuwa ndani ya mto wa kulalia, na mume wake hakujua. Siku ile alijua. Bluu ilipatikana kwa urahisi, kwa kuwa ilikuwa ya sare za shule. Ile ya damu ya mzee yenye miraba ilikuwa imebaki kipande cha mwisho cha jora, na muuzaji, alipoona uso wa Fundi, akakipandisha bei. Alilipa bila kubishana. Mkandaji, ambaye aliishi kwa kubishana bei ya kitu kingine, aliona aibu kuliko alivyoona mbele ya bango.

Walifanya kazi Jumanne yote na Jumatano yote. Fundi alikata na kuunga, Mkandaji alikata nyuzi, akapiga pasi, akafundishwa kushona vifungo. Alichomwa na sindano mara nyingi na hakulalamika, kwa sababu hakuna mtu wa kumlalamikia aliyekuwa upande wake. Alikaa juu ya ndoo, begi la mafuta na taulo kando, akishonea mgongo wake vifungo mara kumi na moja.

Lile kosa la mshono wa kulia Fundi alilirudia kwenye kila shati kwa makusudi. Hilo ndilo lililomuuma. Miaka tisa alikuwa akiwaambia wateja kwamba mshono wake ni mstari wa rula, na sasa alikuwa akipinda kwa hiari yake, pale pale karibu na bega, akipima mpindo kwa utepe ili usipungue wala kuzidi.

"Sare za nani hizo?" mama mkwe aliuliza.

"Za bodaboda wa kwenye lango la zahanati, mama. Wamepata umoja."

"Afadhali. Watu wakivaa sare wanapunguza matusi." Akamtazama mwanawe na sindano yake. "Na wewe leo huendi hotelini?"

"Nimechukua likizo nimsaidie."

"Mwanaume anayemsaidia mkewe," mama alisema, akimwambia Mungu zaidi kuliko wao, "ni baraka ya nyumba." Na akaenda kusali.

Jumatano jioni Fundi aliwapelekea bodaboda mashati yao. Mkubwa wao aliitwa Breki kwa sababu pikipiki yake haikuwa nazo. Alilivaa shati, akajigeuza, akawauliza wenzake nyuma pakoje.

"Kama pazia la benki," mmoja akasema.

"Huu mshono umepinda, dada."

"Ndio mtindo."

"Basi punguza bei kwa sababu ya mtindo."

Akawapa kwa nusu ya bei ya kitambaa, kwa sharti kwamba kesho wayavae wote kuanzia asubuhi. Breki aliuliza kama kuna mgombea anakuja. Fundi akasema wapo wageni. Hilo liliwatosha, mtaani pale watu waliwahi kuvaa mambo ya ajabu zaidi kwa ajili ya wageni.

Alhamisi mama mkwe alivaa gauni lake la kliniki, akamshika Fundi mkono, wakaenda. Langoni walipita katikati ya migongo kumi na moja. Mama hakuitazama. Aliingia ukumbini, akatafuta nafasi kwenye benchi, akakaa, akaweka kadi mapajani, akainua macho.

Alilisoma bango polepole, midomo ikitembea. Fundi alihesabu pumzi zake mwenyewe.

"Huyu naye," mama mkwe akasema, "kavaa shati la mwanangu."

"Shati la watu wengi hilo, mama. Si umeona pale langoni."

Mama aligeuka akachungulia kupitia mlango. Breki alikuwa ameinama akifunga mnyororo, mkanda wa damu ya mzee ukimkaza mgongoni. Nyuma yake wengine wawili walikuwa wakigombania abiria.

"Ulisema sare."

"Ndiyo, mama. Na ya mwanao nilishona kwanza, kama mfano."

Mama mkwe alirudisha macho kwenye bango, akakaa nalo muda mrefu kuliko Fundi alivyoweza kuvumilia. Mwishowe akamgeukia jirani yake wa benchi.

"Kwa hiyo ni mmoja wa hawa wa pikipiki. Wanabeba wake zetu na watoto wetu." Akatikisa kichwa. "Mama yake sijui anapata wapi nguvu ya kumeza chakula."

"Wengine hawana haya, bibi. Wanakula tu."

"Mimi ningetapika."

Alisema hivyo akiwa amevaa viatu alivyonunuliwa mwezi uliopita, chini ya ushungi alionunuliwa mwezi wa kabla yake, akisubiri vidonge vya presha ambavyo, zahanati ikiishiwa, vilinunuliwa duka la dawa na mwanawe bila kukosa hata wiki moja. Fundi alimshika mkono akamsaidia kusimama alipoitwa. Presha yake siku ile, daktari alisema, ilikuwa nzuri kuliko wakati wowote mwaka ule.

Wageni walifika saa tano. Walikuwa watatu, wenye kofia za jua. Afisa, akiwa na shati jipya, aliwaonyesha mabango, akawaonyesha ukuta uliopakwa rangi, akawapeleka langoni. Huko mmoja wa wageni alisimama akaitazama migongo kumi na moja, akaligeukia bango lililoonekana kupitia mlango, akaitazama tena migongo. Uso wake ukang'aa. Aliuliza kama hawa ndio walengwa wenyewe, na wamejitokeza hivi, hadharani, bila woga.

Afisa alikuwa na nafasi ya kusema hapana. Nafasi ile ilidumu kama muda wa kumeza mate. Akasema, "Baadhi yao."

Chai na biskuti zikaletwa nje. Breki na wenzake walikula, wakatia saini mahali walipoonyeshwa, wakapewa nauli ingawa kila mmoja alikuwa amekalia chombo chake. Ripoti ya robo mwaka ile ilionyesha wanaume wapya kumi na moja waliofikiwa.

Ijumaa, mama mkwe alipokwenda kusali, Fundi alifunga mlango.

"Leo ndiyo Ijumaa," alisema.

Mkandaji alikuwa ameshajiandaa. Siku nne alikuwa akipanga maneno, kuhusu mabati aliyoezeka, ada ya mtoto ya mwaka ujao, hoteli iliyomfukuza kazi ya kweli ya ukandaji kabla hajamwoa. Alianza kuyatoa moja moja, kwa mpangilio. Fundi aliyasikiliza yote.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Sina swali kuhusu hayo. Hao wanaume ni wewe na wao na Mungu. Swali langu ni moja. Miaka miwili unameza kinga kila asubuhi, mbele yangu, kwenye kopo la vitamini. Siku nyingine ulisahau, nikakukumbusha mimi. Nilikuletea maji. Ulikuwa unafikiri nini, mimi ninameza nini?"

Mkandaji aliokota uzi sakafuni.

"Vinatolewa kwa walengwa," alisema.

Fundi alimtazama kama anavyotazama kitambaa alichouziwa kwa mwanga hafifu. Aliposema tena, sauti yake haikuwa kubwa hata kidogo.

"Umeongea kama yule Afisa. Mnafanana, ila yeye analipwa mshahara." Akachukua godoro dogo la mtoto akaliweka chini ya meza ya kukatia. "Utalala pale. Sijui kama nitakurudisha kitandani. Ila siku nikiamua, nataka niamue nikiwa mzima."

Jumamosi na Jumapili wateja walifika wakiulizia shati la bodaboda. Lilikuwa limeingia kwenye mtindo. Wageni walipiga picha nalo, watu walisema. Fundi alishona tisa, akapinda mshono mara tisa. Jumatatu aliacha cherehani kwa mumewe apige vifungo, akaenda zahanati.

Nesi alikuwa mwanamke wa rika lake, mchangamfu, mwenye kalamu mbili kifuani. Alimtoboa kidole, wakasubiri, wakazungumza habari za mvua. Kipimo kilionyesha mstari mmoja. Fundi aliutazama mstari ule mpaka macho yakaanza kuuona miwili, akafumba, akamshukuru Mungu kwa maneno machache.

"Uko salama, mama."

"Nataka na vile vidonge vya kinga. Vya kumeza kila siku."

Nesi alivuta fomu. "Hivyo havitolewi hivi hivi. Lazima kuwe na hatari." Akasoma kwa ncha ya kalamu. "Unafanya biashara ya ngono?"

"Hapana."

"Unajidunga dawa za kulevya?"

"Hapana."

"Mwenzi wako ana maambukizi?"

"Hapana. Sijui. Nadhani hapana."

"Mwenzi wako yumo kwenye kundi lolote kati ya haya?" Nesi hakuyasoma makundi. Aliinua kidevu kuelekeza nje ya mlango uliokuwa wazi, kwenye bango. "Kama yule, kwa mfano."

Benchi la ukumbini lilikuwa limejaa. Siku tatu nzima Fundi alikuwa amefanya kila alichoweza ili mtu yeyote akiulizwa mgongo ule ni wa nani aseme sijui. Sauti yake ingefika benchi la kwanza, na kutoka benchi la kwanza mpaka nyumbani kwa mama mkwe ni mwendo wa dakika kumi. Aliwaza magodoro ya yule mpangaji kwenye mvua. Aliwaza lake.

"Ni yule," alisema.

"Nani?"

"Yule wa ukutani. Ni mume wangu. Shati lile nimelishona mimi."

Nesi alimtazama, akautazama ukuta, halafu akacheka kicheko kizuri cha mtu aliyechoka kazini akapata cha kumchekesha. "Mama, acha utani. Shati lile hata mume wangu analo. Amelinunua Jumamosi, analivaa mpaka kulala." Alikuwa bado anacheka alipoinamia fomu. Akaweka alama mbele ya neno HAKUNA, akaigeuza karatasi, akaita, "Anayefuata."

Mwanamke mwenye mtoto mgongoni alitokea mlangoni, akakuta kiti bado kina mtu, akasimama.

"Anayefuata," Nesi akarudia, bila kuinua macho.

Fundi hakuinuka. Aliishika fomu kwa vidole viwili, kama anavyoshika kitambaa kabla ya kukikata, akaivuta taratibu kutoka chini ya mkono wa Nesi, akaigeuza upande wa mbele.

"Hujanisikia," alisema, na safari hii benchi lote lilisikia. "Futa hapo. Andika tena."